Mgonjwa Hayumo Kwenye Filamu

Jumapili, Magomeni hapa Kilosa. Manyunyu tangu alfajiri, yale yasiyokulowesha wala kukuruhusu kuanika nguo.

Leo situlii. Nimechemsha chai mara mbili, na mara zote mbili nimeisahau jikoni ikapoa. Nimefagia ua ambao ulikuwa safi. Nimepanga vyombo kabatini, nikavishusha, nikavipanga tena vilevile. Binti yangu aliyenifungulia blogu hii aliniambia niandike nikiwa na furaha ili wasomaji nao wafurahi. Samahani mwanangu, leo sina.

Jana mchana tulionyeshwa ile filamu.

Wanaonisoma hapa wanaijua, maana nimejisifia nayo vya kutosha. Ni filamu ya Neema, binti wa Morogoro aliyeitengeneza na marafiki zake wachache kwa kujichangisha, bila kampuni nyuma yao. Inatuhusu sisi, mabibi maendeleo wa miaka ya sabini, tuliopewa pikipiki za serikali kuzungukia vijiji vya ujamaa kati ya Kilosa na Mikumi. Tulifundisha lishe, kuchimba vyoo, elimu ya watu wazima. Filamu nzima ni safari: wanawake wawili barabarani, vumbi, mto, tope, halafu vumbi tena. Neema alikuja hapa na kamera yake, akakaa barazani kwangu siku tatu, nami nikasimulia mpaka sauti ikakauka. Kwa hiyo yule mwanamke mpole wa kanga ya bluu ni mimi. Yule mwingine, anayecheka muda wote, ni Zaituni.

Ukumbi ulijaa. Filamu ilipokwisha Neema akasimama mbele, akaomba watazamaji watoe maoni, na kipaza sauti kikaanza kutembea. Mtu wa Kilosa ukimpa kipaza sauti, jitayarishe.

Dereva mmoja wa bodaboda alisema yule dada wa kwenye filamu anabadili gia bila kushika klachi, na pikipiki ya namna hiyo ingekuwa imekufa kabla haijafika Masanze. Watu wakacheka. Mama mmoja akasema kanga zile ni za juzi, zimenunuliwa sokoni wiki hii, rangi hata haijapauka. Mwalimu mstaafu akashika kipaza sauti akakieleza kizazi kipya historia yote ya vijiji vya ujamaa, mpaka wakaanza kukohoa makusudi. Mwingine akauliza tembo wako wapi, filamu gani ya Mikumi haina hata tembo mmoja? Neema akajitetea kwamba siku walizokuwa na kamera tembo hawakutokea. Dada mmoja muuza nyanya akasema kuanzia leo anajifunza pikipiki, na mumewe asimsemeshe. Huyo nilimpigia makofi mpaka viganja vikauma.

Halafu wakafika kwenye kile kipande.

Ni pale ambapo Zaituni wa kwenye filamu anafika kijijini, wazee wamesimama kando ya barabara na mwenyekiti wao. Hasimami. Anaongeza moto, anainua mkono mmoja juu, anacheka, muziki unapanda, vumbi linawafunika wazee na kofia zao. Yuko peke yake juu ya pikipiki, nywele nje. Vijana wa nyuma walipiga miluzi. Nadhani ndicho kipande anachokipenda Neema kuliko vyote, maana amekitia hata kwenye tangazo.

Kwa asiyejua niseme. Sisi tulikuwa na utaratibu wetu, hatukuandikiwa na ofisi. Ukifika kijijini unazima pikipiki mbali, kabla ya nyumba ya kwanza. Unashuka. Unafunga kanga juu ya suruali. Unaikokota pikipiki mpaka walipo wazee, unaiegesha, unapiga goti kidogo, ndipo unatoa shikamoo. Shikamoo ya juu ya pikipiki ilikuwa tusi. Mwanamke wa kupanda chuma tayari walikuwa wanamtazama kwa jicho la pembeni, na adabu ile ndiyo iliyotufungulia milango.

Basi jana mzee mmoja wa safu ya tatu akaomba kusema. Alisimama kwa kujishikilia kwenye kiti.

"Filamu nzuri, wanangu, hongereni. Ila yule binti hakuwa na adabu. Msituletee hapa kama shujaa. Mimi nilikuwepo siku ile, kijana tu, nimesimama na baba zangu. Alitupita kama kapita mbuzi. Walimnyang'anya pikipiki, na ilikuwa haki."

Wazee wenzake wakapiga makofi. Kijana mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Aliwakomesha!" Wenzake nao wakapiga makofi. Ukumbi ukagawanyika hapohapo, nusu wanasema jeuri, nusu wanasema shujaa, kila mtu anamsema Zaituni kana kwamba amekula naye ugali.

Neema alikuwa anang'aa. Mtengeneza filamu anataka nini zaidi ya watu kugombana? Akanigeukia mimi mgeni rasmi, akaniletea kipaza sauti mwenyewe.

"Mama Agnesi, wewe ulikuwepo. Unasemaje?"

Nikasema filamu ni nzuri, vijana wamefanya kazi kubwa. Nikakaa.

Ndiyo hivyo. Hayo ndiyo maoni yangu mimi mtazamaji niliyekuwepo.

Leo asubuhi nimefungua simu kusoma maoni kwenye lile kundi alilotuweka Neema. Yanakwenda tu: jeuri, shujaa, jeuri, kanga mpya, tembo wako wapi. Katikati yake kuna ujumbe wa msichana nisiyemjua. Ameandika kwamba bibi yake, Bi Zaituni wa Mvumi, alikuwa mmoja wa mabibi wale, na jana jioni yeye amemwonyesha kile kipande cha kwenye tangazo. Bibi ametazama mpaka mwisho, ameomba arudishiwe mwanzo, ametazama tena. Kisha ameuliza kitu kimoja tu: mgonjwa yuko wapi?

Hakuna aliyemjibu. Watu hawakuelewa, wakaendelea na tembo wao.

Mimi niliiweka simu chini ya mto, kama mtoto aliyevunja sahani.

Sasa naandika haraka kabla sijajionea huruma. Kulikuwa na mgonjwa.

Tulikuwa tumetoka Mikumi, tumelala kijiji kimoja upande wa Ulaya, ile Ulaya ya hapa Kilosa. Asubuhi tukaitwa: mwanamke ana uchungu tangu juzi, mtoto hashuki, mkunga amenyoosha mikono. Lori la kijiji lilikuwa limezama kwenye tope. Zilibaki pikipiki zetu mbili. Ya Zaituni ilikuwa nzima kabisa, lakini kiti cha nyuma kilikuwa kimetolewa kikawekwa kichanja cha chuma cha kubebea masanduku ya vitabu. Yangu ndiyo iliyokuwa na kiti. Ila yangu ilikuwa na ugonjwa wake: ikishapata moto, ukizima haiwaki. Utapiga kiki mpaka mguu ufe ganzi. Mpaka ipoe yenyewe, na kupoa ni saa nzima.

Ugonjwa huo tuliujua sisi wawili tu. Tuliugundua mpakani mwa mbuga, tulipozima kuwapisha tembo, wakapita, na yangu ikakataa. Zaituni angeweza kwenda zake. Alikaa nami saa ile nzima kwenye jua, tunasikia matawi yakivunjwa, yeye anaimba nyimbo za harusi kwa sauti ya chini ili tembo wasikasirike. Nilimwomba asiseme ofisini. Pikipiki ukiiripoti mbovu ilikwenda karakana, na vipuri hakuna, haikurudi. Ungetembea kwa miguu mwaka mzima huku wenzako wanakupita.

Basi mgonjwa alipaswa kupanda yangu, na mimi sikuwa na ubavu wa kubeba mtu kwenye tope lile. Zaituni akasema nipe hiyo, wewe chukua yangu. Kubadilishana kulikatazwa, kila pikipiki ilikuwa na mtu wake kwa saini. Hakuuliza hilo. Tulimfunga yule mama mgongoni kwake kwa kanga mbili, kama mtoto anavyobebwa, kichwa kimelala begani kwake. Akaondoka, mimi nyuma.

Kwenye kile kijiji wazee walikuwa wamesimama barabarani na mwenyekiti, wanangoja wageni kutoka wilayani. Zaituni hakuweza kusimama. Angezima, ingekuwa basi. Angesimama bila kuzima na kusalimia juu ya chuma, lingekuwa tusi lilelile, tena la karibu. Alipiga honi, akainua mkono mmoja kuomba radhi, akapita. Huo ndio mkono anaouinua kwenye filamu. Na hakuwa anacheka.

Mimi nilisimama. Nilikuwa na pikipiki nzima, kwa nini nisisimame? Nikazima mbali, nikafunga kanga, nikakokota, nikatoa shikamoo moja moja kwa kila mzee. Nikawaambia mwenzangu amebeba mgonjwa. Mwenyekiti akasema, mgonjwa tumemwona, sisi si wanyama, lakini hata mwenye mgonjwa husimama akasema nina mgonjwa. Kusimama kunachukua muda gani? Wewe mbona umesimama?

Wewe mbona umesimama. Swali hilohilo aliliuliza mkubwa wetu wa ofisi wiki iliyofuata, kwa sababu malalamiko yalifika, na wale wageni wa wilayani waliyakuta yakiwa bado ya moto. Tuliitwa wote wawili, tukasimamishwa mbele ya meza. Zaituni alisema alibeba mgonjwa, alikuwa na haraka. Hakutaja pikipiki. Alinitazama. Nimeishi na mtazamo ule miaka yote hii: alikuwa ananiachia nafasi niseme mwenyewe.

Mkubwa akaniuliza, "Kwa nini mwenzako hakuweza kusimama, na wewe uliweza?"

Nikasema sijui.

Ilikuwa karibu nichaguliwe kwenda kozi Morogoro. Ndiyo sababu yote, haina mapambo. Ningesema, ningejulikana nimeficha pikipiki mbovu, nimeazimisha mali ya serikali, na kozi kwaheri. Zaituni alinyang'anywa pikipiki kwa kuwavunjia wazee heshima, akaambiwa aende akaombe radhi kijijini. Alikwenda kwa miguu. Aliomba radhi kwa tope alilowarushia, akakataa kuomba radhi kwa jeuri, maana hakuwa na jeuri. Baada ya hapo hakukaa kazini muda mrefu, akarudi kwao Mvumi kulima mpunga. Mimi nilikwenda kozi, nikapanda cheo, nikastaafu na zawadi ya saa ya ukutani. Ipo hapa, inagonga.

Yule mama alijifungua salama siku ileile hospitali ya Kilosa. Mtoto wa kike.

Neema aliponiuliza habari za Zaituni nilisema alihamia mbali, tumepoteana. Mvumi ni hapahapa Kilosa, siyo mbali. Na nilipomsimulia kile kisa, nilimtoa mgonjwa. Sikupanga. Nilianza kusimulia, nikaona nikimweka mgonjwa nitaulizwa lile swali tena, nikamruka. Nikasema tu, mwenzangu alikuwa haogopi mtu, siku moja aliwapita wazee hivihivi. Neema alicheka, akasema mama hiyo lazima iwemo. Nami nikacheka.

Na kesho saa nane mchana filamu inaonyeshwa Mikumi, mgeni rasmi ni mimi.

Nilipofika hapa kwenye kuandika nikafunga kompyuta, nikatoka kwenye manyunyu nikaita bodaboda inipeleke Mvumi.

Sasa ni jioni, nimerudi. Viatu vyangu viko nje vimejaa tope na magoti yanalalamika, lakini nataka kumaliza.

Dereva alikuwa mtu mzima mwenye heshima zake, hakukimbiza. Tulipokaribia nyumba za kwanza nilimwambia azime.

"Mama, tope lote hili? Acha nikufikishe mlangoni."

Nikamwambia zima hapahapa. Akazima. Nadhani alifikiri nimechanganyikiwa. Nikafunga kanga vizuri, nikatembea, nikauliza njia kwa watu wawili.

Nilimkuta barazani anapepeta mpunga. Amekonda, ila mikono ni ileile, ungo unakwenda bila yeye kuutazama. Zaituni ananizidi miaka mitatu. Tulipokuwa kazini hatukusalimiana kwa shikamoo, tulikuwa mashoga, na baadaye nikawa na cheo na yeye hana kazi, ikawa hatusalimiani kabisa. Leo nilipiga goti kwenye tope.

"Shikamoo, dada."

Ungo ukasimama. Alinitazama, akaangalia nyuma yangu barabarani, pikipiki ilipobaki.

"Marahaba, Agnesi. Umezima mbali."

Nilimwambia yote. Ofisini, kozi, Neema, mgonjwa niliyemruka. Nililia, sikatai. Yeye alirudia kupepeta, makapi yanaruka, ananisikiliza. Nilipomaliza niliona kama nimetua gunia, nikangoja anisamehe au anifukuze, lolote kati ya hayo mawili ningelipokea.

"Haya yote mimi nayajua," akasema. "Pikipiki ile nilikuwa nimeipanda mimi. Umemwambia nani mwingine?"

"Sijamwambia mtu."

"Basi bado hujasema."

Hakusema kwa ukali. Aliniletea kigoda, akamwita mjukuu wake, yule msichana wa kwenye kundi, akaniletea chai. Leo ndiyo chai pekee niliyoimaliza. Tuliongea habari za mvua na mpunga. Alinionyesha kovu la kifundoni, ekzosi ya pikipiki yangu ilimuunguza siku ile kwa sababu alikuwa amejisogeza upande mmoja kumpa nafasi mgonjwa. Sikuwahi kujua. Kule ofisini alikuwa amesimama mbele ya meza na jeraha hilo chini ya kanga, na mimi pembeni yake nasema sijui.

Nilipoaga akaniuliza gari la kwenda Mikumi kesho linaondoka saa ngapi, na kama linaweza kumpitia. Anataka kukaa kiti cha mbele, masikio yake siku hizi hayasikii vizuri.

Nimempigia Neema nikiwa bado na tope miguuni. Nimemweleza kila kitu, pamoja na uongo wangu wa kusema tumepoteana na Zaituni.  Kisha akasema kwa sauti ya kuumia kwamba hawezi kubadilisha filamu kufikia kesho, na kwa nini sikumwambia wakati ana kamera hapa barazani kwangu.  Nikamwambia kesho aionyeshe kama ilivyo, kisha kabla kipaza sauti hakijakwenda kwa mtazamaji yeyote, anipe mimi kwanza. Akakubali, halafu akaniuliza jina la yule mgonjwa. Silijui. Hilo nalo nitalisema.

Yule mzee wa safu ya tatu naye nimemtumia ujumbe kupitia kwa watu wa Neema, kama afya inamruhusu aje. Ningependa awepo.

Bado situlii, lakini sasa najua kwa nini. Najijua mimi na kipaza sauti. Nikisimama pale kesho, watu wakinitazama, Neema akinitazama, mdomo utataka kusema filamu ni nzuri, vijana wamefanya kazi kubwa. Kwa hiyo nimeiandika sentensi ya kwanza kwenye karatasi, nimeikunja, nimeiweka kwenye mkoba pamoja na miwani. Nimeijaribu kwa sauti hapa jikoni, mara nne. Mara ya nne imetoka yote bila kukatika.

Pikipiki ile ilikuwa yangu.